Kukata kebo ya deraya: Kina cha kisu ndicho kinga ya fundi na mteja

JUMBA jipya la ghorofa linapokaribia kukamilika kando ya Barabara ya Ngong karibu na Adams Arcade, Nairobi, mojawapo ya kazi za mwisho huwa ni kuingiza umeme. Kebo nene nyeusi hutolewa mtaroni, ikapandishwa ukutani hadi kwenye sanduku la mita, na hapo fundi hulazimika kuikata na kuivua vazi lake la chuma kabla ya kuiunganisha.

Kazi hiyo huchukua dakika chache tu. Hata hivyo, ni katika dakika hizo ambapo huamuliwa iwapo wapangaji watakaohamia humo wataishi salama, au watalala juu ya hitilafu isiyoonekana kwa miezi au hata miaka.

Mitaa inayozunguka Adams Arcade, ikiwemo Kilimani na Woodley, imebadilika sana tangu kituo hicho cha maduka kilipojengwa katika miaka ya 1950. Nyumba nyingi zilizokuwa na bustani pana zimebomolewa na mahali pake kujengwa majumba marefu. Kila jumba kama hilo huhitaji umeme mwingi, na umeme mwingi huhitaji kebo nene inayoweza kuzikwa ardhini bila kudhurika. Hiyo ndiyo kebo ya deraya.

Zipo mashine ndogo za mkono zinazorahisisha kazi ya kuikata. Lakini mashine hizo, zisiporekebishwa ipasavyo, huweza kuleta madhara makubwa kuliko msumeno wa kawaida, kwa kuwa hukata kwa nguvu na kwa haraka huku fundi asione ncha ya kisu imefika wapi.

Tabaka nne

Ili kuelewa jinsi ya kuirekebisha mashine, sharti kwanza mtu aelewe kinachokatwa.

Kebo ya deraya ina tabaka nne. Katikati kabisa mna nyaya za umeme zenyewe, ambazo ni za shaba au alumini, kila moja ikiwa imevikwa kihami cha plastiki. Nyaya hizo zote kwa pamoja hufunikwa kwa tabaka laini la plastiki, ambalo kazi yake ni kuzitenga na chuma.

Juu ya tabaka hilo laini ndipo huzungushwa deraya yenyewe: nyaya nyingi nyembamba za chuma kigumu, zilizopakwa zinki ili zisishike kutu, zikiwa zimelala sambamba na kujipinda taratibu kuizunguka kebo. Mwisho, kebo yote huvikwa gamba la nje, ambalo aghalabu huwa jeusi.

Unene wa kila waya wa deraya hutegemea ukubwa wa kebo. Katika kebo zinazotengenezwa kwa vipimo vya Uingereza, vinavyotumika pia nchini Kenya, waya huo huanzia milimita 0.9 kwa kebo ndogo na kufika milimita 2.5 kwa zile nene kabisa.

Deraya ina kazi mbili. Kazi ya kwanza inajulikana na wengi: kuzuia jembe, sururu, msumari au meno ya panya yasifike kwenye nyaya za umeme.

Kazi ya pili haijulikani sana, nayo ndiyo muhimu zaidi. Deraya huunganishwa na ardhi. Mchimbaji mtaro akipiga kebo kwa sururu hadi chuma kikagusa waya wenye umeme, mkondo mkubwa hupita kwenye deraya kuelekea ardhini, na kifaa cha kukata umeme hujizima papo hapo. Mchimbaji hushtuka kwa cheche, lakini huwa na nafasi ya kurudi nyumbani akiwa hai.

Deraya isipounganishwa, au ikiunganishwa kwa nyaya mbili tatu zilizolegea, mambo hugeuka. Chuma kilichokusudiwa kumkinga binadamu huweza kubeba umeme wa volti 240 kwa urefu wake wote, hadi kwenye sanduku la chuma, lango au mlingoti wa taa ambao mtoto anaweza kuugusa akipita.

Hii ndiyo maana ya kuikata kebo kwa uangalifu. Fundi anatakiwa kuondoa chuma bila kugusa kihami kilicho chini yake, na wakati huo huo abakishe chuma cha kutosha, kilichonyooka na kisicho na kasoro, cha kuunganishwa na ardhi.

Zana tatu za kukata

Mafundi wengi hutumia msumeno wa chuma. Ni wa bei nafuu, na fundi mwenye uzoefu huuhisi mkononi pindi unapogusa chuma. Kasoro yake ni kwamba mkono huchoka, na msumeno huteleza.

Zana ya pili ni mkasi mkubwa wa racheti au wa haidroliki, unaotumika kukata kebo nzima kwa mpigo mmoja, kama inavyofanyika kebo inapopimwa kwa mita na kukatwa kutoka kwenye gurudumu lake.

Hapa pana onyo. Mikasi mingi ya racheti imetengenezwa kukata shaba na alumini pekee. Ikitumiwa kwa kebo ya deraya, meno yake humeguka, kwa kuwa chuma cha deraya ni kigumu mno. Anayenunua mkasi huo anapaswa kusoma maandishi yaliyo mpinini au kwenye karatasi ya maelezo, na asiridhike na unene wa kebo uliotajwa pekee.

Mkasi unaofaa nao huhitaji kurekebishwa. Nati iliyo kwenye ekseli inapolegea, pengo huingia kati ya visu viwili. Badala ya kukatwa, nyaya za deraya hupinda na kuingia katika pengo hilo, zikakwama humo. Tiba yake ni kukaza nati kidogo kidogo hadi visu vigusane bila kukwaruzana, kisha kujaribu kwenye kipande cha kutupwa.

Zana ya tatu ndiyo mashine ya kuzungusha. Hii haikusudiwi kukata kebo nzima. Kazi yake ni kukata gamba la nje na kuitia deraya alama ya duara, ili sehemu ya mwisho iweze kuvuliwa.

Jinsi mashine inavyofanya kazi

Mashine hii hushika kebo mfano wa kiganja kilichofumbwa. Upande mmoja mna vigurudumu au mfereji unaoilaza kebo isicheze. Upande wa pili mna kisu, ambacho aghalabu huwa gurudumu dogo lenye makali. Skurubu moja huibana kebo, nayo nyingine huamua kisu kiingie kiasi gani.

Fundi huifunga mashine juu ya alama aliyopima, kisha huizungusha kuizunguka kebo. Kila mzunguko huacha mfereji unaozidi kwenda chini.

Kosa ambalo fundi asiye na uzoefu hulifanya ni kudhani kwamba mashine inapaswa kukata deraya hadi mwisho. La hasha. Mashine inafaa kusimama nusu ya njia. Nyaya za deraya zikishatiwa alama ya kutosha, fundi huondoa gamba la nje, akazishika chache chache kwa koleo na kuzipinda huku na huku hadi zikatike zenyewe pale penye alama.

Chuma kilichokatwa nusu hukatika kwa urahisi, nalo tabaka laini lililo chini halijaguswa na kisu hata kidogo. Nusu ile isiyokatwa ndiyo akiba ya usalama.

Hesabu ya kina

Mfano mmoja unatosha kuonyesha jinsi akiba hiyo ilivyo ndogo. Tuseme fundi ana kebo ambayo gamba lake la nje lina unene wa milimita 1.8, na waya wake wa deraya una unene wa milimita 1.25.

Kisu kinapaswa kupita gamba lote, yaani milimita 1.8, kisha kiingie nusu ya waya, yaani karibu milimita 0.6. Jumla ni takriban milimita 2.4.

Kikifika milimita 3.05, deraya imekwisha. Lolote linalozidi hapo ni kukata tabaka la ndani, na baada yake kihami cha nyaya za umeme. Kwa maneno mengine, kati ya kazi nzuri na kazi ya hatari pana milimita 0.6 pekee, unene usiofikia ule wa kadi ya benki.

Vipimo hivi havifai kukisiwa. Kabla ya kuigusa kebo yenyewe, fundi huchukua kipande cha kebo hiyo hiyo, akakichana gamba na kupima unene wa gamba na wa waya kwa kalipa. Kisha huiweka mashine kwa kipimo alichokipata na kuijaribu kwenye kipande hicho.

Baada ya jaribio, deraya huvuliwa na tabaka la ndani kukaguliwa chini ya mwanga mzuri. Likiwa laini bila mkwaruzo, mashine iko sawa. Likiwa na alama hata ya unywele, skurubu ya kina hulegezwa robo mzunguko na jaribio kurudiwa kwenye sehemu nyingine ya kipande.

Kisu kipya ni hatari

Jambo moja huwanasa hata mafundi wakongwe. Kisu kinapotumika, makali yake huisha na kipenyo chake kupungua. Fundi naye huzoea kuikaza skurubu kidogo zaidi kila wiki ili kupata matokeo yale yale.

Siku kisu kinapobadilishwa, skurubu ingali pale pale ilipokazwa kwa ajili ya kisu butu. Kisu kipya, kilicho kikubwa na chenye makali, huingia ndani kuliko ilivyokusudiwa. Kebo ya kwanza inayokatwa siku hiyo ndiyo iliyo katika hatari kubwa.

Kwa hivyo, kila kisu kinapobadilishwa, skurubu hulegezwa hadi mwanzo na kipimo kuanzwa upya. Hali kadhalika, kila fundi anapohama kutoka kebo ya ukubwa mmoja hadi nyingine, au kutoka kwa mtengenezaji mmoja hadi mwingine, anapaswa kurudia jaribio.

Sababu nyingine ya kukata visivyo ni kebo iliyopinda. Kebo iliyokaa kwenye gurudumu kwa muda mrefu huwa na umbo la upinde, na sehemu yake ya msalaba haiwi duara kamili. Mashine ikizungushwa hapo, kisu huingia sana upande mmoja na kuparaza tu upande wa pili. Kebo inafaa kunyooshwa kwanza, angalau kwa urefu wa sentimita 30 kila upande wa alama, na kushikiliwa kwa jiliwa.

Aidha, mfereji usio sawa si sababu ya kuikaza skurubu. Fundi anapaswa kuangalia kwanza iwapo kebo imenyooka na iwapo skurubu ya kubana imelegea.

Si kila mashine inafaa

Kuna mashine maarufu ya Marekani iitwayo Roto-Split, inayozungushwa kwa mkono mdogo wa pembeni. Hiyo ilibuniwa kwa ajili ya kebo za aina nyingine, ambazo deraya yake ni utepe mmoja wa chuma uliosokotwa mfano wa chemchemi.

Kebo huwekwa kwenye mfereji wa mashine, ikabanwa kwa skurubu, na kisu kikachana mzunguko mmoja wa utepe kwa urefu. Kisha fundi huipinda kebo kidogo na kuuvuta utepe ukatoka. Marekani, mafundi huongeza kipande kidogo cha plastiki katika mdomo wa chuma uliokatwa, ili makali yasichubue nyaya.

Mashine ya namna hiyo haifai kwa kebo za nyaya nyingi za chuma zinazozikwa katika mitaa ya Nairobi. Mnunuzi anayevutiwa na bei au picha ya mtandaoni anapaswa kuuliza swali moja kabla ya kulipa: ni ya deraya ya utepe au ya deraya ya nyaya?

Hata hivyo, kanuni ni moja kwa zote mbili. Kisu hukata chuma pekee, na kina chake hupimwa kwenye kipande cha kutupwa kabla ya kazi yenyewe.

Hatua za kufuata

Kazi yenyewe huanza kwa kuzima umeme. Haitoshi kuteremsha swichi. Hufungwa kwa kufuli ili mtu mwingine asiiwashe. Kisha fundi hupima kwa kifaa cha kupimia umeme, baada ya kukijaribu kifaa hicho mahali palipo na umeme, na kukijaribu tena baada ya kupima. Kifaa kilichoharibika huonyesha kwamba hakuna umeme hata pale ulipo.

Pili, fundi hupima urefu unaohitajika ndani ya sanduku na kutia alama kwa utepe. Nyaya fupi mno haziwezi kurefushwa, na hilo hulazimisha kiungo kisichohitajika.

Tatu, huvaa miwani ya kinga na glavu. Vipande vya chuma vinavyokatika huruka, na ncha za deraya hukata ngozi kama wembe.

Nne, huizungusha mashine polepole, akiikaza skurubu kidogo kila baada ya mzunguko hadi kifike kipimo kilichojaribiwa, si zaidi. Kisha gamba huvuliwa na nyaya za deraya kupindwa hadi zikatike.

Tano, hukagua tabaka la ndani pande zote kabla ya kulikata. Akiona alama ya kisu, hana budi kukata sehemu hiyo na kuanza upya.

Sita, deraya iliyobaki huingizwa katika glandi, kifaa cha shaba nyeupe au manjano kinachoishika kebo mlangoni mwa sanduku. Nyaya zote za chuma hutandazwa juu ya koni ya glandi, kila moja mahali pake bila kupandana, kisha glandi hukazwa kwa spana mbili. Bati dogo lenye tundu huwekwa hapo ili deraya iunganishwe na ardhi kwa waya na bolti.

Mwisho ni vipimo viwili. Cha kwanza huthibitisha kwamba deraya imeungana kutoka mwanzo wa kebo hadi mwisho. Cha pili hupima nguvu ya kihami kwa volti 500, kati ya waya na waya, na kati ya kila waya na deraya. Kanuni za Uingereza, tangu toleo la 17 la mwaka 2008, hutaka kipimo hicho kisipungue megaomu moja, ingawa kebo mpya iliyokatwa vyema huonyesha kiasi kikubwa zaidi ya hapo.

Ikumbukwe kuwa kipimo cha pili hakiwezi kuchukua nafasi ya macho. Kihami kilichokwaruzwa bila kutobolewa huweza kupita mtihani kikiwa kikavu. Mvua za masika zinapoingiza unyevu katika sanduku, au kebo inapopata joto kila jioni wapangaji wote wanapopika na kuoga, mkwaruzo huo hugeuka ufa, na ufa ukawa njia ya umeme.

Wajibu wa mwenye nyumba

Mteja hana haja ya kujua kuiendesha mashine ili kujikinga. Chini ya Sheria ya Kawi ya mwaka 2019, anayefanya kazi ya kuweka nyaya za umeme anatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Mwenye nyumba ana haki ya kuomba kuonyeshwa leseni hiyo kabla ya kazi kuanza.

Pia anaweza kuomba kuonyeshwa matokeo ya vipimo yakiwa yameandikwa, na sio kuambiwa tu kwamba kila kitu ki sawa. Anaweza kuitazama glandi akiwa nje ya sanduku, umeme ukiwa umezimwa: kebo ikicheza inaposhikwa, au nyaya za chuma zikionekana zimechomoza, kazi hiyo haijakamilika.

Kinachowafanya baadhi ya mafundi kuficha kosa la kisu ni hofu ya gharama. Kebo nene huuzwa kwa mita, na bei yake si haba. Fundi aliyekwaruza kihami hushawishika kuzungushia utepe wa plastiki na kufunga sanduku, hasa ikiwa mteja anasimama mlangoni akiuliza mbona taa hazijawaka.

Mteja anayebakisha mita moja ya ziada ya kebo ndani ya jengo humwondolea fundi kishawishi hicho. Kosa likitokea, sentimita 20 hukatwa na kazi huanza upya bila ugomvi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kazi hii, ufa wenyewe hauonekani kwa mtu aliyesimama nje ya sanduku. Ni mkwaruzo mwembamba uliofichwa chini ya chuma na plastiki nyeusi. Anayeweza kuuona ni fundi peke yake, kwa muda mfupi kabla hajaufunika.

Ndiposa fundi bora wa mashine hii hutambulikana kwa mahali anapoisimamisha, huku nusu ya chuma ikiwa bado haijakatwa.